Waache wapige makofi kwanza

Nilihamia Lamu nikitokea Malindi, nikapewa Kiswahili cha gredi ya 5. Mtoto akiandika "ndia" badala ya "njia", au "nti" badala ya "nchi", nilitia wino mwekundu. Nilidhani nawasaidia. Insha zikawa fupi kila wiki, kwani mtoto anayeogopa kukosea huandika machache.

Fasihi nayo niliifundisha hivyo hivyo: maana ya vina, maana ya mizani, nakilini, tuendelee.

Kilichonibadilisha ni utendi alioutunga Mwana Kupona mwaka 1858, wosia kwa binti yake. Beti nyingi ni za mambo ya ndoa. Hizo siwapi watoto. Nilichukua ubeti wa kwanza tu, na siku hiyo sikuandika kitu ubaoni. Nilighani, wao wakapiga kofi kwa kila silabi: "Negema wangu binti." Nusu ya darasa ilipata saba, nusu nane. Walibishana mpaka msichana mmoja akalikata neno polepole, bi-n-ti, na ile "n" ikapata kofi lake. Somo langu la ubaoni halijawahi kuwakaa kichwani namna hiyo.

Nikauliza "negema" ni nini. Mimi nilikuwa nimehangaika nalo usiku kucha. Wao wakajibu papo hapo: nisogelee. Na "upulike"? Usikilize! Lugha niliyokuwa nikiikosoa kila siku ndiyo iliyobeba utendi.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, ghani kwanza. Kama sauti huna, mwalike bibi wa mwanafunzi mmoja. Lamu wanaojua kughani hawakosekani. Istilahi zije baadaye, zikute sikio limeshazoea. Kisha watunge wenyewe, beti mbili tatu za punda au jahazi, kwa Kiamu, lahaja yao ya Lamu, wakipenda.

Usihofu kwamba Kiswahili sanifu kitapotea. Tulichora safu mbili ubaoni: ndia na njia, ndaa na njaa, mato na macho, nti na nchi. Watoto wakaigundua kanuni wenyewe, na makosa ya insha yakapungua.

Wiki hiyo mvulana mmoja aliniletea daftari lake la muhula uliopita, kidole kikiwa juu ya neno nililolikata. "Mwalimu, na ndia yangu hii?" Nikaifuta alama ya kosa, nikaandika pembeni: Kiamu.