Commodore 64 isipowaka, anza na adapta

Umepata Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyoingia sokoni mwaka 1982, na kidole kinakuwasha kubonyeza swichi. Subiri kwanza. Mashine ambayo ingepona inaweza kufia mikononi mwa mtu aliyetaka tu kujua kama inawaka, na anayeiua ni adapta yake yenyewe.

Adapta hiyo hutoa umeme wa aina mbili: volti 5 za DC na volti 9 za AC. Hatari iko kwenye zile 5. Kidhibiti chake cha volti kimefukiwa ndani ya gundi ngumu, joto halina pa kutokea, na kikichoka volti zinaweza kupanda badala ya kushuka. Hapo chipu za kumbukumbu huungua mapema kabisa. Pima kwa mita: ukisoma zaidi ya 5.25, adapta hiyo isiguse mashine tena. Ukikuta 5 kamili, usifurahi mapema. Umeipima ikiwa baridi na haina mzigo, na inaweza kupanda ikishapata moto. Mimi siichomeki adapta ya zamani hata ikifaulu kipimo. Tafuta mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hii. Hapo usibane matumizi.

Taa nyekundu ikiwaka, ujue volti 5 zimefika, basi. Njia ya volti 9 ina fyuzi yake kwenye bodi, na fyuzi hiyo ikikatika taa itawaka vilevile.

Sasa tazama skrini. Mashine isiyo na hitilafu hukaa kama sekunde 3 ikikagua kumbukumbu, halafu skrini inageuka bluu na kuandika 38911 BASIC BYTES FREE. Isome namba hiyo kila mara. Ukaguzi huenda kutoka chini hadi juu na kusimama penye kosa la kwanza, hivyo namba ikipungua, kumbukumbu ina mahali pabovu.

Skrini nyeusi ndiyo inayosumbua zaidi. Kwenye bodi za awali kuna chipu 8 za kumbukumbu, na kila moja hubeba biti moja ya kila baiti. Moja ikifa kabisa, hakuna baiti iliyo salama, na prosesa haifiki hata hatua ya kupaka rangi. Tatizo ni kwamba chipu ya PLA, inayoamua prosesa iwasiliane na chipu ipi, ikifa hutoa dalili hiyohiyo, kwa hiyo usikimbilie kubadilisha ovyo. Washa dakika moja, kisha gusa chipu za kumbukumbu kwa ncha ya kidole, kwa tahadhari: inayochoma wakati jirani zake ni vuguvugu ndiyo mshukiwa. Chipu ya PLA, ya picha na ya sauti kupata moto ni kawaida. Ukiweza, pata katriji ya uchunguzi ile inayofanya kazi hata mashine ikiwa haiandiki chochote. Idadi ya mimweko ya skrini inakuonyesha chipu ipi ni mbovu.

Kabla ya kununua chochote, zima, chomoa umeme, kisha inua chipu zilizo kwenye soketi na uzirudishe, kibonyeo cha kwenye ncha ya chipu kikielekea kulekule kilikokuwa. Kutu nyembamba kwenye miguu inatosha kuizuia mashine kuwaka.

Chipu mbovu iliyolehemewa, ikate miguu yote kwanza, kisha toa mguu mmojammoja kwa moto mdogo. Chipu nyingine utaipata. Njia za shaba zikibanduka, kuzirudisha ni kazi ngumu. Mahali pa chipu uliyoitoa weka soketi.