Usiagize Harrier kwa kutegemea VAT irudi (wewe wa Mafinga, soma kwanza)

Dogo, simama hapo hapo. Umeandika kwamba unahariri video za wateja wa Ujerumani, kwamba huduma ikienda nje VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni asilimia 0, kwa hiyo ukiagiza gari la Harrier ile VAT ya bandarini utairudisha. Nani kakwambia? Maana maneno hayo hayo niliuziwa mimi hapa Mbeya, na aliyeniuzia bado anakatiza Mwanjelwa na mkoba wake wa ngozi, anasalimia watu.

Nachora ramani za nyumba kwa ofisi moja ya Uingereza, na za hapa nyumbani pia. Ubaya wa ule ushauri ni kwamba nusu yake ni kweli. Ukiuza huduma nje unatoza 0, na VAT uliyolipa kwenye manunuzi ya kazi unaidai. Kompyuta nilidai, printa nikadai, zikapita bila mtu kukohoa. Nikaona nimeshakuwa mjanja wa mji.

Sasa gari. Harrier ya cc 2,400, umri zaidi ya miaka 10. Tuseme forodha wamekubali thamani ya milioni 12 (wao ndio wanaokubali, siyo risiti yako). Ushuru wa forodha asilimia 25, milioni 3, jumla milioni 15. Ushuru wa bidhaa asilimia 10 ya hiyo 15, milioni 1.5. Ushuru wa uchakavu, kwa sababu ya umri wa gari, asilimia 30 ya hiyo hiyo 15, milioni 4.5. Imefika milioni 21, na juu yake VAT ya asilimia 18: 3,780,000. Tozo ndogondogo sijazigusa. Hiyo 3,780,000 niliiingiza kwenye ritani (ile fomu ya VAT ya kila mwezi) kama yangu ya kudai, ikameza VAT ya wateja wa hapa niliyotakiwa kuipeleka miezi kadhaa. Pesa niliyookoa ikaezeka nyumba Uyole. Hata shokapu za gerejini nikadai!

Barua ya TRA, mamlaka ya mapato, ikaja. Ofisini kwao mama mmoja akaweka kidole kwenye ule mstari, akauliza taratibu, "Hili gari linabeba abiria wa kulipa?" Nikamjibu, "Hapana mama, linanibeba mimi." Akacheka. Mimi pia nikacheka, ungefanyaje?

Sheria ya VAT ya 2014 imelifungia gari la abiria: huruhusiwi kudai VAT ya kulinunua, wala ya vipuri, wala ya matengenezo, labda biashara yako iwe kuuza magari hayo, kuyakodisha au kusafirisha watu. Kuuza nje hakufungui mlango huo. Nikarudisha yote pamoja na riba, huku mabati yapo juu ya paa yananitazama.

Nikamfuata kishoka wangu, yule mshauri wa mkoba wa ngozi. Kumbe alichanganya na kodi ya mapato! Kule gari dogo la biashara linakatiwa uchakavu (huu siyo ule ushuru wa bandarini) wa asilimia 37.5 ya thamani inayobaki kila mwaka, tena kwa ukomo. Hiyo inapunguza faida inayotozwa kodi, hairudishi shilingi mkononi. Akaniambia "si vyote ni kodi, mkuu?" Laki tatu yangu ya ushauri alishaila, na chai nilimnunulia mimi.

Kwa hiyo VAT ya gari la kutembelea ihesabu kuwa imekufa siku unayoilipa. Kama bila kuirudisha huliwezi, basi huliwezi. Panda basi, Kitonga utaiona vizuri zaidi dirishani.

Uliuliza pia kuhusu kampuni au jina lako binafsi, na lingine la ukomo wa kujisajili VAT. Ukomo ni mauzo ya milioni 200 kwa miezi 12, tangu Julai 2023. La kampuni waulize wengine, mimi hapa bado nina hasira. Ila mikataba, ankara na taarifa za benki za hao Wajerumani tunza zote, ndizo zinazothibitisha hiyo 0.

Na yule wakala wa Dar umesema anataka malipo ya awali Ijumaa. Usitume. Kwanza mwambie huyo mshauri wako akuonyeshe kifungu, siyo akuelezee.