Bapa la pili: kuchagua kisu cha kukunja cha mfukoni

SWALI: Ndugu mhariri, ninaishi Louisville, Kentucky. Siku za kazi niko ghalani, nafungua maboksi na kukata kamba za plastiki kuanzia asubuhi hadi jioni, na Jumamosi humsaidia mzee mmoja anayefuga mbuzi nje ya mji. Wenzangu wengi hapa wana visu vya kukunja vya mtindo wa zamani, vyenye mabapa mawili, na nami nataka kununua changu. Dukani nilionyeshwa vitatu: kimoja cha aina ya Trapper, cha pili chenye bapa la ncha kali na bapa dogo la kalamu, na cha tatu chenye bapa la ncha kali na bapa la makali yaliyonyooka. Muuzaji alisema vyote ni vizuri. Nichague kipi?

JIBU: Ndugu msomaji, nunua kile cha tatu. Nitakueleza sababu zake, maana zitakufaa pia siku utakapokuta dukani visu vingine ambavyo hukuvitaja.

Anayenunua kisu cha namna hii kwa kawaida hulitazama bapa kubwa, akalipenda, kisha akalichukua lile jingine kama nyongeza. Mimi nashauri uanzie kwenye hilo la pili. Jiulize ni kazi gani ya kila siku ambayo bapa la kwanza litaifanya vibaya, na kama bapa la pili haliiwezi kazi hiyo, basi umelipia chuma cha kuuongezea mpini unene na mfuko uzito.

Tuanze na ghala lako. Bapa la ncha kali, lile ambalo mgongo wake umechongwa karibu na mwisho hadi ukabonyea kidogo, ni hodari wa kutoboa, na kwenye maboksi huo ndio ubaya wake: ukilipitisha juu ya boksi la mashati, utepe hukatika, na shati la juu nalo hukatika. Bapa la makali yaliyonyooka, ambalo Waingereza huliita mguu wa kondoo, limeumbwa kinyume chake. Makali yake hayapindi hata kidogo, mgongo ndio unaoteremka kuyafuata, kwa hiyo ncha inakaa chini kabisa, kwenye mstari mmoja na makali. Weka kidole cha shahada juu ya mgongo, gusisha ncha kwenye utepe na uvute kuelekea pembeni, nawe utaona kwamba unaingiza milimita mbili au tatu tu, kwa kipimo unachokitaka wewe. Kwenye kamba faida ni ile ile, kwa sababu makali yenye mviringo huiachia kamba iteleze kuelekea kwenye ncha, ilhali makali yaliyonyooka huishika pale pale ulipoiweka. Mabaharia wa zamani walilipenda bapa hili kwa ajili ya kamba, na pia kwa kuwa ncha yake butu haimdhuru mtu kwa urahisi chombo kinapoyumba. Kulinoa ni rahisi kuliko mengine yote: unalilaza juu ya kinoo kwa pembe ya nyuzi 20 hivi na kulisukuma moja kwa moja, bila kuuinua mkono mwishoni.

Trapper ni kisu kizuri sana, na sitaki uelewe vingine. Kampuni ya W.R. Case & Sons, iliyoanzishwa mwaka 1889 na ambayo ina kiwanda chake Bradford, Pennsylvania, imekifanya kijulikane Marekani nzima. Kina mabapa mawili marefu yanayotokea upande mmoja wa mpini: moja la ncha kali, na jingine liitwalo spei, ambalo mwisho wake ni butu na makali yake hupanda kwa mviringo mfupi karibu na mwisho huo. Spei lilibuniwa kwa ajili ya kuhasi mifugo, kazi ambayo ncha ya kuchoma haitakiwi hata kidogo. Wachuna ngozi nao walilipenda kwa sababu hiyo hiyo, kwani mwisho ule butu hupita kati ya ngozi na nyama bila kuitoboa ngozi. Kama mzee wako angekuwa anachinja kila wiki na kukuachia wewe uchune, ningebadilisha ushauri wangu. Lakini ikiwa Jumamosi zenu ni za kukata kamba za marobota ya nyasi na kupunguza kwato zilizokua kupita kiasi, tumerudi kwenye makali yaliyonyooka.

Kuhusu bapa la kalamu nitasema machache. Jina lake linatokana na kazi yake ya awali, yaani kuchonga kalamu za manyoya ya ndege, na hata baada ya nibu za chuma kuziondoa kalamu hizo katika karne ya 19, mafundi wa Sheffield waliendelea kulitengeneza kwa kuwa linafaa kwa bahasha, penseli na vibanzi vilivyoingia kidoleni. Ni bapa la mtu wa mezani.

Hata hivyo kuna jambo moja nililojifunza kwenye bapa hilo dogo, ambalo ningependa ulichukue. Kisu changu cha nyumbani kina bapa la kalamu, nami sijawahi kulitumia ila kwa matunda. Wewe nawe amua tangu siku ya kwanza kwamba bapa la ncha kali ni la chakula peke yake, na lile lililonyooka ndilo litakalogusa gundi, vumbi na kwato. Ikiwa ni la chuma cha kawaida, utaona baada ya maembe au limau mawili matatu limegeuka rangi ya kijivu kinachoelekea bluu. Usihangaike kulisugua, kwani rangi hiyo haili chuma. Kinachokula chuma ni kutu ya rangi ya udongo, na hiyo huzuiwa kwa kulikausha bapa kabla ya kulikunja na kulipaka tone la mafuta kwenye pini.

Kabla ya kulipa, fungua kila bapa kwa ukucha na ulitikise kushoto na kulia, lisichezecheze. Kinyanyue kisu kwenye mwanga uone kama pana upenyo kati ya bapa na springi ya mgongoni. Kisha yafunge yote mawili na uangalie kama yanasuguana, hasa yanapotumia springi moja. Na tafadhali kumbuka kwamba visu hivi havina kufuli: bapa hubaki wazi kwa nguvu ya springi tu, hivyo usichome nacho kitu kigumu wala usigandamize mgongo wa bapa, kwa maana litajikunja juu ya vidole vyako.

SWALI: Naishi Birmingham, Uingereza. Shemeji yangu anakuja kutoka Marekani na ameahidi kuniletea Trapper kubwa. Je, naweza kutembea nayo?

JIBU: Mwombe akuletee ndogo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inaruhusu kutembea bila kuulizwa sababu na kisu cha kukunja kisicho na kufuli, ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na mabapa ya Trapper ya ukubwa wa kawaida huvuka kiasi hicho. Kubwa utaruhusiwa kuwa nayo hadharani ukiwa na sababu halali, kama vile kazi, vinginevyo iache nyumbani. Apime mabapa yote mawili kabla ya kununua, na wakati wa safari kisu kiwe kwenye sanduku linalokabidhiwa uwanjani, kisiwe kwenye begi la mkononi.