"Churlish" si kila ukosefu wa adabu

Umeuliza kama neno la Kiingereza "churlish" ni sawa na "rude", na kwa nini kamusi inaingiza habari za wakulima humo.

Si sawa. "Rude" linabeba ukosefu wa adabu wa kila namna. Kondakta anayemtukana abiria ni "rude". "Churlish" linabana zaidi: mtu anafanyiwa wema, yeye ananuna. Mwenyeji kasimama na birika la chai ya tangawizi mkononi, mgeni anageuza uso na kusema maziwa yamezidi. Hapo ndipo pake. Kulifasiri "mshenzi" ni kosa, maana hilo ni tusi zito mno. "Asiye na shukrani, mwenye kununa" linakaribia zaidi.

Utalikuta kwenye maandishi kuliko kwenye mazungumzo, na mara nyingi kwa umbo hili: "It would be churlish to refuse", yaani kukataa kungekuwa utovu wa shukrani. Mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, na "ch" ni ile ya chai. Angalia usilichanganye na "childish". Huo ni utoto, habari nyingine kabisa.

Sasa hao wakulima. Katika Kiingereza cha kale "ceorl" alikuwa mkulima huru, juu ya mtumwa, chini ya wenye vyeo. Tena sheria ilimtambua: katika ufalme wa Wessex, fidia ya kumuua ilikuwa shilingi 200, ya mtu wa tabaka la juu 1,200. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, wengi wa wakulima hao wakaishia kufungwa kwenye ardhi za mabwana, na jina lao likashuka pamoja nao mpaka likawa "churl", mtu mkorofi asiye na malezi. Ongeza "-ish", mwenye tabia ya, umepata "churlish". Ni yaleyale tuliyomfanyia "mshamba": mtu wa shamba, kosa lake kulima, akageuzwa tusi na watu wa mjini. Mimi naona ni dhuluma, huko na huku.

Shina hilohilo, la lugha mama ya Kiingereza na Kijerumani, limezaa pia Karl na Charles, majina waliyovaa wafalme. Na Charlton ya London, ile ya timu ya Charlton Athletic, maana yake ni kijiji cha hao maceorl.