Lascaux si ya kwanza
Je, michoro ya pango la Lascaux, Ufaransa, ndiyo michoro ya mapangoni ya kale kuliko yote? Hapana; ina takriban miaka 17,000. Ile ya pango la Chauvet, hukohuko Ufaransa, imepita 30,000. Na katika pango la Leang Karampuang, kisiwani Sulawesi, Indonesia, kuna nguruwe mwitu na maumbo kama ya watu, umri wake angalau miaka 51,200 kwa vipimo vilivyotolewa 2024. Nasema angalau kwa sababu kilichopimwa si rangi, ni utando wa chokaa ulioota juu yake, kwa kuangalia ni kiasi gani cha uraniamu, elementi iliyomo ndani ya utando huo, kimegeuka elementi nyingine, thoriamu, kadiri miaka ilivyopita. Mchoro ulitangulia utando. Kwa hiyo ukianza kusoma historia ya sanaa, tafadhali usiishie Ulaya.