AI inaandika kodi yote ya programu, Haskell ya nini tena?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili chuoni, nasomea kompyuta. Semista hii tunafundishwa lugha ya programu ya Haskell na kusema ukweli inanitoa jasho, wakati wenzangu wanaiambia tu AI iwaandikie kwa Python na programu inatembea. Kuna haja gani ya kuhangaika na hizi lugha za fanksheni (programu unaijenga kwa fanksheni, kama zile za hesabu) sikuhizi? – B., Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Haskell ipo tangu 1990 na jasho ilishawatoa wengi, ila mimi naona sasa hivi ndo ina faida kuliko zamani, maana kazi yako kubwa itakuwa kukagua kodi ambayo hukuiandika wewe.

Juzi niliiomba AI kiprogramu cha daftari la madeni ya duka, unaweka jina la mteja kinakuletea anadaiwa shilingi ngapi. Kwa JavaScript ikaja safi, ikatembea vizuri tu, mpaka nilipoweka jina la mtu ambaye hayumo daftarini, jumla yote ya madeni ikageuka NaN, yaani "si namba", na hakuna kilichonionya. Nikaomba ileile kwa Haskell, AI ikamsahau vilevile huyo mtu asiyekuwemo, ila kompaila, ile inayokagua na kugeuza kodi kuwa programu, ikagoma palepale, kwa sababu kule ukitafuta jina hupewi namba moja kwa moja, unapewa Maybe, yaani ama Just 5000 ama Nothing, na hujumlishi chochote mpaka useme Nothing utaifanyaje. Nikairudishia AI ule ujumbe wa kosa, ikarekebisha.

Halafu AI ina tabia ya kubuni fanksheni ambazo hazipo kabisa, Python utakuja kujua siku ule mstari unafikiwa, pengine mteja kakusimamia mbele, Haskell haikupi hata programu ya kuendesha.

Ila usilale. Ukitaka malipo yatolewe kwenye deni, AI ikajumlisha badala ya kutoa, kompaila inapitisha tu, zote ni namba, hapo ni macho yako na testi zako. Na AI imesoma Python nyingi kuliko Haskell, kwa hiyo tegemea makosa.

Kwenye asaimenti inayofuata jaribu hivi: mstari wa taipu, ule unaosema fanksheni inapokea nini na inarudisha nini, andika mwenyewe, mfano deni :: Jina -> Daftari -> Maybe Int, ndani iachie AI ijaze. Kompaila ikilalamika, kaa na lile lalamiko dakika kumi kabla hujairudia AI.