Mwalimu, Hawa Watu Walitujua Sisi?

SWALI: Assalaam alaikum Mwalimu, shikamoo. Mimi nafundisha gredi ya nane huku Malindi na temu hii nimepewa klabu ya historia, watoto thelathini na kitu, mada ni marais wa Marekani na zama zao. Nikaanza vile nilivyofundishwa mimi, nikajaza ubao majina kutoka George Washington kushuka chini, na miaka yao, wakanakili, wakakariri. Wiki ya pili nawauliza, wamebaki na Obama na Trump basi. Lakini silo lililonifanya niandike. Kuna msichana mmoja anakaa nyuma, mtoto wa mvuvi, mkimya sana, aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, hawa watu walitujua sisi?" Nikamwambia tutaliangalia wiki ijayo, na wiki ijayo ndiyo hii inaingia na mimi sina jibu. Nifanyeje?

Mwalimu wa Malindi

JIBU: Waalaikum salaam mwanangu, marahaba. Huyo mtoto amekupa kazi ya temu nzima, na nakuomba ukiingia darasani umtaje kwanza, useme leo tunajibu swali la fulani. Jibu lenyewe ni ndiyo, walitujua, na walitujua mapema kabla Mwingereza hajaweka bendera yake huku.

Futa majina ubaoni. Nenda dukani ununue amerikani, ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi, hata nusu mita yatosha, uikate vipande kila mtoto ashike chake. Waulize kwa nini inaitwa amerikani. Waache wabahatishe. Alafu uwaambie ni kwa sababu ilikuwa inakuja na meli kutoka Marekani, nyingi zikitoka mji mdogo wa bandari unaitwa Salem, jimbo la Massachusetts, zinakuja Unguja kutafuta pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Biashara ikakolea mpaka rais wao wa wakati huo, Andrew Jackson, akamtuma mfanyabiashara mmoja, Edmund Roberts, na mwaka 1833 wakaandikiana mkataba na Seyyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, ushuru wa bidhaa zao usizidi asilimia 5. Na Seyyid Said ndiye aliyekuwa na mamlaka hata huku kwetu Lamu. Kwa hivyo karatasi iliyobeba habari za pwani hii ilifika mpaka kwa Jackson, na huyo sasa mtoto hamsahau tena manake amemfikia kwa njia ya kitambaa alichokishika mkononi.

Usimsifu Jackson ukaishia hapo lakini. Waambie pia kwamba mwaka 1830 alitia saini sheria ya kuwahamisha wenyeji wa asili wa nchi ile kutoka ardhi zao, Wacherokee wakatembezwa mamia ya maili na maelfu wakafa njiani, na yeye mwenyewe alikuwa na watumwa shambani kwake. Watoto wa gredi ya nane wanaweza kuubeba ukweli huo. Wasichoweza ni kuheshimu somo wanaloliona limefichwa nusu.

Baada ya hapo mwendee Van Buren, rais aliyemfuata Jackson, ambaye kwenye vitabu vingi anapitwa mbio lakini kwetu sisi ana kisa kitamu kuliko wote. Seyyid Said alipeleka meli yake, Sultana, ikatoka Unguja na pembe, karafuu, tende na kahawa, ikasafiri karibu miezi mitatu ikaingia New York tarehe 30 Aprili 1840, mjumbe wake akiwa Ahmad bin Naaman. Watu wakafurika bandarini kuwaona. Meli ilikuwa na zawadi za rais, farasi wawili wa Kiarabu, lulu na vitu vingine, na Van Buren akakwama, manake katiba yao inamkataza mwenye cheo kupokea zawadi ya mfalme bila ruhusa ya bunge. Bunge likaamua zawadi zipokelewe kwa niaba ya nchi na farasi wakauzwa pesa zikaingia hazina. Hapa simama, usikimbie. Waulize watoto, je ungekuwa wewe ungezirudisha? Na Seyyid angejisikiaje? Mimi nilifundisha somo hili miaka kadhaa hapa Lamu kabla sijastaafu na sijawahi kulimaliza kwa kipindi kimoja, watoto wanabishana mpaka kengele inalia, mmoja anasema kukataa zawadi ni tusi na mwingine anasema zawadi kubwa hivyo ni rushwa, na hapo wameshaielewa katiba ya watu bila kukariri kifungu hata kimoja.

Sasa mwanangu nifike kwa Lincoln, na hapa ndipo nataka utulie sana manake hili ni la Malindi yenu hasa.

Abraham Lincoln aliingia madarakani Machi 1861, Aprili vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Pamba ya majimbo ya kusini, ambayo ilikuwa ikichumwa na watumwa, ikakwama, viwanda vya kaskazini vikakosa, na amerikani ikaadimika Unguja, nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua nafasi. Rudi kwenye kile kipande cha nguo, waambie wakifikirie: pamba imechumwa na mtumwa kule, ikafumwa kiwandani, ikavuka bahari, huku ikabadilishwa na pembe zilizobebwa mabegani kutoka bara, na pembe zikarudi kwao kwenye miji kama Deep River, Connecticut, zikatengenezwa vibao vya piano. Mtoto akiuona mzunguko huo hahitaji kuambiwa zama ni nini.

Alafu waambie lililokuwa likitendeka pale wanapokaa wao. Miaka hiyohiyo ya 1860, Malindi ambayo ilikuwa imebaki magofu na kichaka ikaanza kukaliwa upya chini ya Sultani wa Unguja, mashamba makubwa ya mtama na ufuta yakafunguliwa, na waliolima walikuwa watumwa. Yaani Lincoln anatoa tangazo lake la uhuru tarehe 1 Januari 1863, na huku mashamba ya Malindi yanazidi kupanuka kwa jasho la watu wasio na uhuru. Tangazo lenyewe lisome nao vizuri, halikumgusa kila mtumwa, liligusa majimbo yaliyoasi tu, ilibidi katiba ibadilishwe Desemba 1865 ndipo utumwa ukafutwa nchi nzima, na Lincoln hakuiona siku hiyo manake alipigwa risasi Aprili mwaka huohuo. Huku kwetu Sultani Barghash alifunga biashara ya watumwa ya baharini mwaka 1873, na utumwa wenyewe pwani ya Kenya sheria ikaja kuufuta 1907. Chora mistari miwili ubaoni, mmoja wa Marekani mmoja wa Malindi, miaka iwe sambamba, waache waangalie kimya kidogo.

Na usiwaonyeshe ati uhuru ni kitu rais anaamka asubuhi akawapa watu. Harriet Tubman, mwanamke aliyekuwa mtumwa kule Marekani, alitoroka mwenyewe 1849 akarudi mara kadhaa kuwatoa wenzake. Huku watoro walikimbia mashamba wakajenga vijiji vyao bara, Fuladoyo ni kimojawapo, wengine wakakimbilia misheni za kule Rabai. Ukiwataja watoro pamoja na Tubman kwa pumzi moja watoto watakaa wima, niamini.

Jambo moja nakusihi, kwa moyo wangu wote. Darasani kwako wamo wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa, wamekaa dawati moja, na kuna majina ya ukoo na maneno ambayo mtaani bado hutumika kumdhalilisha mtu. Usimwambie mtoto yeyote akaulize nyumbani "sisi tulikuwa akina nani". Mwalimu mmoja nimjuaye alifanya hivyo kwa nia safi, mtoto akarudi analia, na wazazi wa pande mbili hawakusalimiana mwezi mzima. Zungumza mashamba, miaka, sheria, bei ya mtama. Mtoto akitaka kusema la kwao mwenyewe msikilize, lakini usimvute.

Waliobaki wachukue harakaharaka. Kennedy mtaje kwa sababu ya ile ndege ya wanafunzi ya Tom Mboya, iliyowapeleka vijana wetu kusoma Marekani, na wakati huohuo wasahihishe watoto manake watu wengi husema Kennedy ndiye aliyempeleka baba yake Obama Marekani, sio kweli, yule mzee aliondoka 1959 na pesa za familia ya Kennedy zilitoka 1960 kabla hata Kennedy hajawa rais.

Na ukifika kwa Nixon wapeleke Ngomeni kama shule itapata basi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka lile jukwaa la Waitaliano la San Marco linaloonekana baharini, ilirushwa roketi ya Kimarekani ikiwa na setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kutazama eksirei za nyota peke yake. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, wakaipa jina Uhuru. Jina la Kiswahili, limeondokea maji ya Malindi, limezunguka dunia. Nafikiri baba yake yule msichana akienda kuvua upande ule hulipita lile jukwaa. Mwambie amuulize.

SWALI: Mwalimu, mwanangu anabisha na kitabu. Kitabu kinasema Trump ni rais wa 47, yeye amehesabu watu anapata 45 akaniambia kitabu kimekosea. Nani yuko sawa?

Baba wa watatu, Langoni, Lamu

JIBU: Wote wawili, ndugu yangu. Marekani wanampa nambari mpya mtu aliyetoka akarudi baadaye. Grover Cleveland alitawala 1885 mpaka 1889, akashindwa, akarudi 1893 mpaka 1897, kwa hivyo ni wa 22 na wa 24. Trump naye aliingia 2017 akatoka 2021 akarudi 2025, ni wa 45 na wa 47. Wawili wamehesabiwa mara mbilimbili, ukizitoa hizo nambari mbili za ziada unabaki na watu 45 kama alivyosema mwanao. Kijana aliyehesabu mwenyewe badala ya kuamini kitabu mnunulie daftari jipya, aandike humo anayoyagundua.